Mzigo wa Ghorofa ya Nne

Najma alizaliwa na moyo mbovu. Alipofika miaka ishirini na miwili, hatua kumi tu zilitosha kuigeuza midomo yake kuwa rangi ya zambarau. Daktari akasema hakuna tena cha kuziba wala kushona: anahitaji moyo mwingine, na huo utapatikana India.

Shangazi yake Mwanamkuu, aliyemlea tangu mchanga na kuuza mitumba Mchikichini, hakutetereka. "Nguo za marehemu tunavaa na tunapendeza. Itakuwa moyo?"

Ilibaki sahihi moja ya kibali cha kusafiri. Ofisi ya vibali ilikuwa ghorofa ya nne ya jengo moja Kariakoo, na tangazo lilisema mgonjwa afike mwenyewe, athibitishwe kuwa hajiwezi.

Najma aliishia ngazi ya sita. Shangazi akapanda peke yake, akarudi na jibu la karani, Bwana Benjamini: "Kama anaumwa kweli, mbona haji?"

Lifti ilikuwepo, tena nzima. Lakini ulikuwa mwaka tisini na sita, enzi ya ubinafsishaji, kila kilichokuwa cha umma kilikuwa kinatafuta mwenyewe, na lifti ilishakodishwa pamoja na duka la chini kwa Kalpesh, muuza majokofu. Kalpesh hakuwa mtu mbaya. Alimletea Najma kiti na maji.

"Mama, mkataba unasema lifti ya mizigo tu. Nikipakia mtu, wananinyang'anya."

"Huyu ana kilo thelathini na nane," Mwanamkuu akasema. "Jokofu lako lina ngapi?"

"Sitini."

"Basi ni mzigo mdogo. Andika."

Kalpesh akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akachukua kitabu cha hati za mizigo, akaandika: mzigo mmoja, unavunjika, usilazwe, ghorofa ya nne. Najma akakalishwa kwenye toroli, wateja wote wakimkodolea macho. Aibu ilimshika mpaka machozi yakamlenga.

Juu, Benjamini akainua kichwa. "Umefikaje?"

"Kwa lifti."

"Lifti hairuhusu watu."

"Mimi ni mzigo," Najma akasema, akampa hati.

Benjamini akaisoma mara mbili. Penye "Mpokeaji" palikuwa patupu, naye kwa miaka kumi na tisa kazini hakuwahi kuuacha mstari mtupu. Akasaini. Najma akamsogezea kibali.

"Sasa nitathibitishaje kwamba huwezi kupanda ngazi?"

"Twende nikajaribu, mzee. Ila nikianguka, utanibeba wewe."

Kwa mara ya kwanza Benjamini aliacha faili akamtazama usoni. Akaiona ile midomo. Akasaini kibali, akagonga muhuri.

Kwenye uwanja wa ndege, Najma akashikwa na hofu. "Shangazi, moyo wa mtu mwingine utakupenda?"

"Usiponipenda tutaanza upya. Hata huo wa kwanza ulikuja kwangu ukilia."

Alisubiri India miezi mitano. Moyo ulitoka kwa kijana dereva aliyefariki ajalini. Jina lake hawakumwambia, akawa anamwombea hivyohivyo, bila jina.

Mwaka uliofuata, wiki ya pili tangu arudi, alitembea kwa miguu kutoka Mnazi Mmoja hadi Ilala, shangazi nyuma yake akihema na kumsihi apunguze mwendo. Najma alipumzika mara mbili, zote kwa sababu ya jua.