Poda Kwenye Karata Nyeusi

Mkwe wangu ana moyo mzuri na macho mabovu. Sina namna nyingine ya kuieleza zawadi aliyoniletea. Kwa miaka thelathini na moja nimewabashiria watu kwa karata za tarot katika kibanda changu hapa Whitby, mji wa pwani ya Uingereza, karibu na gati, nikitumia pakiti moja iliyochakaa mpaka inajichanga yenyewe. Yeye akaona aibu. Wiki ya tamasha letu la mavazi meusi, mji unapojaa wanaume waliopaka wanja na wanawake waliojibana viuno mpaka wanapumua kwa zamu, akanijia na karata mpya sabini na nane za mtindo wa gothiki: mafuvu, popo, majeneza, waridi zilizonyauka.

"Mama, wateja wako watazipenda hizi."

"Umejaribu kuzichanga?"

"Nimeziangalia. Nzuri mno!"

Kwa kuangaliwa, kweli hazina mpinzani. Taabu inaanza ukitaka kuzitumia, jambo ambalo inaelekea mchoraji hakulifikiria hata dakika moja. Ni pana kama kitabu cha sala, na vidole vyangu vina baridi yabisi. Kingo zimepakwa dhahabu, na dhahabu hiyo inazigandisha. Unavuta moja, zinakuja tatu. Majina yameandikwa kwa herufi za madoido juu ya weusi, ukiwa chini ya taa yangu huoni kitu. Na kila picha ni mifupa. Karata ya Jua ni fuvu lenye miale. Mauti peke yake ndiyo wameichora kama msichana mrembo anayenusa maua. Wasanii hao.

Nikazinyunyizia poda ya mtoto zisigandane. Angalau zikaanza kuteleza.

Jumamosi asubuhi akaingia Thea. Siku za kawaida ni karani wa bima huko Leeds. Hapa ni mjane wa enzi za kale, ingawa hajawahi kuolewa. Mwaka wa tisa huu ananiuliza swali lile lile, na swali lenyewe linaitwa Colin. Colin ni fundi bomba, ila wiki ya tamasha anajiita Kunguru na kuvaa koti la mahameli linalofika visigino. Kila mwaka wanapanda pamoja mpaka kilimani kwenye magofu ya abasia, makao ya watawa wa kale, wanakula chipsi kwenye karatasi moja, wanashuka, na hakuna anayesema neno.

"Mwaka huu ndio mwisho, Bi Audrey," Thea akasema. "Nimepata kazi Kanada. Treni yangu ni saa sita na robo. Nimwambie, au nijiondokee?"

"Changa mwenyewe, mwanangu."

Mwenye swali ndiye anayechanga, hiyo ndiyo desturi. Alihangaika nazo, zikamponyoka, akaziokota, poda ikampanda mpaka kwenye vifundo vya mikono. Kisha akavuta moja.

Nikaona jeneza. Nikaona mifupa. Nikaiinamisha karata kwenye taa, jina likametameta tu. Miwani ilikuwa mfukoni, lakini gwiji wa miaka thelathini na moja avae miwani mbele ya mteja? Thubutu.

"Mauti," nikasema kwa ile sauti yangu ya kazini. "Jambo limekwisha. Usilifukue. Panda treni yako."

Wanja ukamtiririka mpaka kidevuni. Akanishukuru, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alipotoka nikaipeleka ile karata mlangoni kuifuta poda. Kwenye mwanga wa mchana nikaona kumbe mifupa ni ya watu wawili, wamelala jeneza moja, wamekumbatiana. Chini imeandikwa: Wapenzi. Mauti ni yule msichana wa maua, nami nilikuwa nimemsahau. Nikatazama barabarani: mamia ya watu, wote nguo nyeusi tii na kofia ndefu. Ningemtambuaje?

Saa sita kasoro dakika kumi akaingia Colin, kofia mkononi, uso umemshuka.

"Nisomee, Bi Audrey."

"Thea yuko wapi?"

"Kaenda stesheni. Kanikumbatia, kasema karata zimemwambia aende."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia safari njema."

"Miaka tisa, Colin! Safari njema?"

"Sasa ningesema nini? Mtu mwenyewe ananiaga tu."

Akageuka kutundika kofia. Mgongoni, juu ya mahameli nyeusi, palikuwa na viganja viwili vyeupe. Nimeona watu wengi wakiagana pale gatini. Anayeaga tu hupigapiga mgongo akaachia. Vidole hivi kumi vilikuwa vimeng'ang'ania, kisha vikaburuta kwenda chini, michirizi mirefu.

"Vua koti."

"Ati nini?"

"Vua koti, Kunguru, hakuna anayekutamani hapa!"

Akalivua, akalitazama. Kisha akaweka kiganja chake juu ya kimojawapo, taratibu, kama anayepima.

"Hii poda..."

"Ni ya karata zangu. Mikono ni yake." Halafu ikabidi nitamke neno ambalo hata marehemu mume wangu hakuwahi kulisikia kinywani mwangu. "Nilikosea. Sikuvaa miwani. Hii ndiyo aliyoivuta."

Akaichukua ile karata, akasoma jina, akatoka mbio na viatu vyake vya vifungo saba saba, koti linaburuzika nyuma.

Nilibaki mlangoni. Treni ambayo mwaka mzima haijawahi kuondoka kwa wakati, siku hiyo ikapiga honi saa sita na robo kamili. Niliichukia kwa moyo wangu wote.

Karibu saa saba wakapita, wanashuka kuelekea kwenye chipsi. Colin amebeba begi la Thea. Mgongoni mwa Thea palikuwa na kiganja kimoja tu cheupe, kikubwa. Mkono wa pili, nadhani, ulikuwa bado umeshika karata yangu.

Hawajairudisha. Nasoma kwa karata sabini na saba, na hakuna mteja aliyegundua. Ila wote wananiuliza tangu lini navaa miwani.