Kishingo Aliyerudi Kula

Jumamosi mchana Baltazari alishuka kwenye pikipiki pale Mwitongo na boksi la kuku wadogo aliowanunua Bunda. Mke mkubwa, Scholastika, ambaye watu humwita Mama Clementi, alikuwa kwenye kigoda anamenya mihogo. Mke mdogo, Matrida, alikuwa anamenya pia, ila yeye amechuchumaa chini.

Wakafanya kama inavyofanywa: kila kuku mgeni akazungushwa kwenye mafiga ili asipotee. Mafiga yenyewe yalikuwa ya Mama Clementi. Pale kwao mke mdogo hupikia kwenye moto wa mkubwa mpaka siku mkubwa atakapompangia mafiga yake kwa mkono wake mwenyewe, na siku hiyo ndiyo anahesabika mtu. Wengine hungoja miezi. Matrida alikuwa ameshazaa, mtoto wake Lucy ameanza kutembea, na bado alikuwa anakula wa mwisho. Kosa lake? Hakuna. Roho mbaya tu ya mwenzake.

Matrida aliomba wavu wagawe banda, wadogo wakae upande wao waonane na wakubwa kwa wiki kadhaa, wakue kidogo, ndipo wachanganywe. Mama Clementi hakuinua hata macho.

"Kuku wanazoeanaga wenyewe," alisema. "Mimi nilivyoletwa hapa, mama mkwe aliniwekea wavu?"

Basi wadogo wakatupwa ndani. Mitetea wakubwa wakawafukuza kwenye pumba, wakawafukuza kwenye maji, na mmoja, kishingo mwekundu, wale wasio na manyoya shingoni, walimdonoa mkiani mpaka damu ikatoka. Kuku akiona damu ndiyo anazidi. Jumatatu Mama Clementi alimchinja kabla hajafa mwenyewe, akamuunga kwa nyanya na kitunguu, akamwambia mumewe kuku kaharibika kwa uzembe wa Matrida. Matrida aliambulia miguu.

Kesho yake jioni kishingo alirudi. Alipita mbele ya jiko mzima kabisa, bado ananukia kitunguu, akaingia bandani kula. Baltazari alisema afadhali, maana alikuwa kuku mzuri.

Aliposhiba akamdonoa mtetea wa madoadoa, yule mkorofi kuliko wote. Asubuhi mtetea akaamka amekuwa mdogo, hajawahi kutaga. Siku iliyofuata alikuwa kifaranga analia, kisha akawa yai, bado lina joto. Kishingo akaendelea na wengine bila haraka, mpaka bandani wakabaki wale wadogo wa Bunda na mayai kwenye majani. Baltazari alitaka yakaangwe. Mama Clementi akakataa, akasema mtu hali mitetea wake eti kwa sababu wamekuwa wadogo.

Matrida aliyaona yote hayo, akafurahi. Tusidanganyane, alifurahi mpaka akaona aibu, kisha aibu ikaisha. Akaanza kumtwangia kishingo dagaa, na kila jioni akawa anawamwaga karibu zaidi na kigoda cha mke mkubwa. Mwisho akawamwaga chini ya kigoda chenyewe, Mama Clementi amekikalia.

"Mdonoe," alimwambia kuku, kwa sauti ya kawaida.

Kishingo akamdonoa Mama Clementi kisiginoni. Wiki hiyo mvi zikaisha na meno ya mbele yakarudi. Clementi, mwanawe, ambaye ni fundi gereji Musoma, alikuja kusalimia akamkuta mama yake mdogo kuliko yeye. Akafikiri kidogo, akampa shikamoo, kwa sababu mama ni mama. Jumapili wanajumuiya walimwomba huyo mama aimbe na vijana.

Kila jioni kisigino kilidonolewa, na Scholastika akazidi kurudi nyuma, hadi akawa binti wa siku zile alipoletwa pale. Makovu ya mgongoni, ambayo hakuwahi kumwonyesha mtu, yakafunguka yakawa vidonda vibichi vya mwiko. Mama mkwe aliyemchapa nao alishazikwa zamani nyuma ya nyumba. Hapo kishingo akaacha, akapanda kulala na wenzake, na hakumgusa mtu tena.

Asubuhi yake Scholastika alipiga goti mbele ya Matrida.

"Shikamoo."

"Marahaba," Matrida aliitikia, akakaa kwenye kigoda.

Mafiga ni ya mkubwa, na mkubwa sasa alikuwa yeye. Baltazari watu wakaanza kumwita Baba Lucy, akazoea. Jioni Matrida alikuwa akimkanda mwenzake mgongo kwa maji ya chumvi, kwa mkono mwepesi, kwa hiyo vile vidonda alivijua kimoja kimoja, na alijua vimetoka wapi. Hakuna aliyejua kuliko yeye. Wakati wa kula alipakua ugali wa mumewe, wa mtoto, wake, na kilichobaki akakisukuma mlangoni.

Siku moja Scholastika alijikaza. Alisimama pale mlangoni mikono nyuma, akauliza polepole:

"Mama Lucy, na mimi mafiga yangu nitapangiwa lini?"

Matrida alikuwa anasonga ugali. Hakugeuka.

"Wewe bado mdogo," alisema. "Kateke maji."

Scholastika akachukua ndoo, akaenda.