Ujana wa Shangazi

Shangazi aliingia chumba cha cherehani akicheka peke yake. Akasukuma mlango kwa kisigino, akaninong'oneza, "Mwanangu, una pedi? Ujana umenirudia."

Nilikuwa naunga mkono wa sare. Nikasimamisha cherehani.

"Hedhi yako si ilikoma kabla sijaolewa?"

"Ilikwenda kutembea. Sasa imerudi, mwezi wa pili huu. Nikimwambia mzee, atanunua kitanda cha mtoto."

Nikampa pedi. Akaelekea msalani akijiimbia. Mimi nikarudi kwenye sare, nikashona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto. Nikafumua. Nikaushona tena vilevile.

Siku chache nyuma nilikuwa nimepimwa saratani ya mlango wa kizazi kliniki. Muuguzi alipaka siki ili kasoro ionekane, akatazama, akasema ni salama. Kisha akaongeza neno ambalo sasa lilinirudia: mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu, hata tone, asingoje. Huenda ni jambo dogo. Huenda ni saratani, nayo ikiwahiwa inatibika.

Sasa nimwambieje aliyenilea? Nikasimama. Nikakaa. Nikafagia sakafu niliyokwisha kuifagia.

"Una siafu mwilini?" akauliza aliporudi.

"Shangazi, hiyo damu si ujana."

Nikamweleza yote. Akaketi kwenye cherehani. Aliichukua ile sare akaufumua mkono taratibu, uzi baada ya uzi.

"Huko wanachungulia?"

"Wanachungulia. Muuguzi ni mwanamke mwenzio. Unatazama dari kidogo, kumekwisha."

"Mimi hata mkunga nilimwambia afumbe macho."

"Na muuguzi tutamwambia hivyohivyo."

Hakucheka. Mguu wake ulikuwa ukikanyaga pedeli, sindano ikipanda na kushuka bila kitambaa.

"Na wakikuta kitu?"

"Bora tukikute sisi mapema, kuliko chenyewe kitukute."

Sindano iliendelea kudunga hewa. Nilitaka kuushika mguu ule, nikaogopa. Kisha ukatulia. Shangazi akaifunika cherehani, na jua lilikuwa bado utosini.

"Mwenye sare akija?" nikauliza.

"Atavaa mkono mmoja. Twende, kabla sijageuza nia."

Nikaanza kuutafuta ufunguo wa chumba mezani, kwenye vibweta vya vifungo, chini ya vitambaa. Ulikuwa mkononi mwake, naye alikwishafika mlangoni.