Jina la Kwenye Kichupa

Katibu wa zahanati alifungua mlango, akatazama cheti mkononi, akaita, "Mashaka!"

"Hayo tunayo sote," akajibu mzee mmoja aliyekuwa akisubiri majibu ya damu, na benchi zima likacheka.

Binti aliyekaa karibu na dirisha hakucheka wala hakuinuka. Mashaka lilikuwa jina lake. Alipewa na baba siku aliyozaliwa, kwa kuwa mama alikuwa mahututi na hakuna aliyejua kama wangerudi nyumbani wawili au mmoja. Mama alipona, jina likabaki. Lakini barua ya kuomba kazi aliyoileta hapa ilisema Salama.

Lilikuwa wazo la shangazi yake. Binti alisomea upimaji wa maabara, akafaulu vizuri, akapeleka maombi kila penye darubini, na kote kimya. Shangazi, mshonaji asiyekawia kusema lililo moyoni, alimwambia ubaya hauko kwenye alama. Nani atayaamini majibu ya damu ambayo chini yake pameandikwa Mashaka? Hata yeye angekwenda kupima kwingine. Bibi yake alikuwa akimwita Salama tangu utotoni. Basi aandike Salama. Akaandika, na safari hii akaitwa. Ila aliambiwa aje na vyeti halisi, vyenye jina la Mashaka, na asubuhi hiyo alikuwa amevikabidhi kwa katibu.

Asipoinuka, nafasi imekwenda. Akiinuka, huyo Salama ni nani? Aliinuka.

Ndani walikuwa wawili: ofisa utumishi, kijana mwenye tai iliyombana shingo, na mkuu wa maabara, mama wa makamo ambaye vidole vyake vilikuwa vimeingia rangi ya zambarau ya kupimia vijidudu. Binti aliwaamkia. Ofisa alilaza barua na cheti mezani bega kwa bega.

"Dada, hapa Salama, hapa Mashaka. Tumwajiri nani?"

Binti alieleza, lakini maneno yalitoka yakikanyagana: baba, bibi, shangazi. Ofisa akasema, bila ukali, kwamba juzijuzi walimfukuza mtu aliyeleta cheti cha kaka yake. Akaanza kufunga jalada.

Mkuu wa maabara alilizuia jalada kwa kiganja. Akauliza kana kwamba yuko kazini.

"Mwanangu, umeletewa kichupa cha damu. Kichupa kimeandikwa Salama, karatasi ya daktari imeandikwa Mashaka. Unafanyaje?"

Binti alitazama barua na cheti pale mezani. Jibu alilijua, na ndilo lililokuwa likimnyonga. Angeweza kusema angempigia daktari, angeuliza, angesubiri. Ofisa angeridhika.

"Sikipimi, mama. Nakirudisha."

"Na kama mgonjwa ni jirani yako, unajua majina yote mawili ni yake?"

"Nakirudisha vilevile. Leo nitapatia, kesho nitamuua mtu."

Ofisa alimtazama kama anayeona mtu akijitia kitanzi. Upande wa pili wa ukuta mashine ya kuzungusha damu iliunguruma, ikanyamaza.

"Kikisharudishwa?" mkuu wa maabara akauliza.

"Mgonjwa anatolewa damu nyingine, na jina linaandikwa mbele yake."

Mama akaichukua barua ya Salama, akaichana katikati, akasukuma mezani karatasi nyeupe na kalamu. Binti aliandika barua mpya palepale, mistari ikipanda mlima. Chini akaweka sahihi: Mashaka.

Mama aliisoma polepole, akamwambia aanze Jumatatu, kwa majaribio. Majibu yote atayatia sahihi kwa jina la cheti, hilo halina mjadala. Lakini beji ya kifuani haipimi damu ya mtu, aandikwe apendavyo.

"Haya, kwenye beji?" akauliza ofisa, bado uso umemkunjamana.

Binti alifungua mdomo aseme Salama, akaufunga. Mgonjwa angeona Salama kifuani, kisha asome Mashaka kwenye karatasi. Angekuwa yeye, karatasi hiyo angeirudisha.

"Mashaka," akasema.

Njiani hakuwa na raha ya mtu aliyepata kazi. Alipita cherehani ya shangazi kwa mbali, akamwona ameinama kwenye kitambaa, akazunguka kwa barabara ya nyuma huku akitunga namna ya kumwambia kwamba beji itasema Mashaka.