Dakika Sita za Jalada la Nels

Maren Tollefson alikuwa hatulii kitini. Kwa miezi mitatu chuo chake kilikuwa kimemtuma kwenye mahakama ya rufaa ya shirikisho, achunguze jinsi majaji kumi na mmoja wanavyomaliza rufaa elfu tatu kwa mwaka. Hakuruhusiwa kufungua majalada. Alipewa daftari la vikao tu: namba ya rufaa, mwanasheria aliyeiwasilisha kwa majaji, dakika ilizochukua, matokeo.

Rufaa chache ndizo zilizosikilizwa ukumbini, mawakili wakisimama na kubishana. Nyingi zilipitia kwa wanasheria wa mahakama yenyewe. Mmoja wao husoma jalada, huwaeleza majaji watatu mezani, nao huamua. Kompyuta ilimchagulia Maren rufaa mia nne bila mpangilio, naye akaanza kuzipitia moja moja.

Jumanne moja alikuta namba anayoijua kwa moyo. Ilikuwa rufaa ya kaka yake, Nels, dereva wa lori aliyefungwa miaka minne kwa kubeba mali ya wizi. Nels aliapa hakujua kilichomo ndani. Jibu la rufaa yake lilikuwa mistari miwili ya kuikataa, bila sababu. Kwenye daftari, dakika sita. Aliyewasilisha: Otis Wardlow.

Siku mbili Maren hakula cha maana. Alikwenda kuchota maji, akarudi na kikombe kitupu. Wardlow, mzee wa suruali za mikanda ya mabegani, alimwona akipita mlangoni kwake kwa mara ya tano.

"Profesa, zulia hilo ni la serikali," alimwambia. "Ukilimaliza utatuletea lingine."

Maren akaingia, akafunga mlango, akamwambia ukweli wote. Wardlow aliweka kalamu chini. Alisema waliyozungumza majaji hatayatoa, hata angekuwa mama yake mzazi anayeuliza. Lake mwenyewe angelisema.

"Dakika sita ni za mezani. Mimi nililisoma siku mbili na nusu. Namkumbuka kaka yako, alichora ramani ya maegesho kwa penseli, kuonyesha alikuwa wapi lori likipakiwa."

"Sasa mbona mistari miwili?"

"Wiki ile nilikuwa na majalada kumi na manane yanayonisubiri. Sababu ndefu tunaandika kwa rufaa inayoleta swali jipya la sheria. Yake haikuwa mpya. Ilikuwa yake tu."

Maren alitoka bila kuaga. Mchana huohuo alimpigia mkuu wa utafiti, akakiri kwamba alikuwa na ndugu ndani ya hesabu zake na kwamba alikuwa ameuliza asichopaswa kuuliza. Namba ile iliondolewa. Yeye akasimamishwa wiki tatu, na wenzake wakaikagua upya kazi yake yote huku wakinung'unika.

Katika wiki hizo alikwenda kwa Nels, aliyekuwa ametoka gerezani na sasa anaezeka mapaa. Alimkuta jikoni akitoa kwenye oveni sinia la nyama na viazi. Maren alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Alitarajia kaka yake afarijike, au atukane.

"Siku mbili na nusu," Nels alisema. Akaweka sinia chini taratibu. "Aliiona na ramani?"

"Ameikumbuka mpaka leo."

"Mimi miaka minne nimelala nikijua hakuna aliyefungua bahasha ya rufaa yangu. Kukataliwa ningekubali, dada. Si angeniandikia hivyo tu, kwamba ramani ameiona?"

Maren alivuta kiti. Walikula wakizungumzia theluji.

Aliporudishwa kazini, aliomba maswali mawili yaongezwe kwenye utafiti: jalada lilisomwa muda gani kabla ya kufika mezani, na mkata rufaa aliambiwa nini. Ripoti ilipotoka ilipendekeza kila anayekataliwa apewe aya moja inayotaja hoja yake na kwa nini haikutosha. Majaji waligawanyika. Wengine walisema aya elfu mbili kwa mwaka zitaiziba mahakama. Hatimaye walikubali kujaribu kwa miezi sita, kura sita kwa tano.

Wardlow alimlalamikia Maren kwa barua kwamba sasa anakwenda nyumbani amechelewa, naye hakuweza kumbishia, kwa kuwa takwimu zake mwenyewe zilionyesha hivyo. Chini ya malalamiko, mzee huyo aliambatanisha aya ya kwanza aliyomwandikia mkata rufaa mwingine, akamwomba aisome aone kama inaeleweka kwa mtu asiye mwanasheria.

Maren aliisoma mara tatu, kisha akampelekea Nels, aseme yeye kama inaeleweka.