Abiria wa Sita

Babu Dakika hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na abiria, enzi zile alipokuwa dereva wa basi la masafa marefu. Saa kumi na mbili kamili asubuhi alikuwa akiondoa gari, na ukifika na dakika moja juu yake ulibaki kituoni wewe na mizigo yako. Miaka arobaini na miwili barabarani hakuwahi kuchelewa, wala hakuwahi kugonga hata kuku. Hili la kuku alilisema mwenyewe, mara nyingi, hata pale ambapo hakuna aliyeuliza habari za kuku.

Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, kibasi cha viti tisa alichonunua kwa mafao yake ya kustaafu, na binti mmoja daktari wa meno. Tatizo lilikuwa huyo binti. Mwezi uliopita Babu alikwaruza nguzo ya geti la nyumbani, geti alilolijenga yeye mwenyewe, na tangu siku hiyo hakupewa nafasi ya kupumua. Binti yule kazi yake ni kung'oa, na akishakamata kitu hakiachi mpaka kitoke.

"Baba, huo ufunguo nipe mimi."

"Nguzo ndiyo iliyosogea."

"Baba!"

Mwishowe wakakubaliana. Kulikuwa na safari ya likizo, siku nne, hifadhi mbili, maporomoko ya maji, mapango yenye michoro ya watu wa kale, na kulala kwenye mahema. Babu ataendesha. Wakirudi bila kosa, ufunguo ni wake na mazungumzo yamefungwa. Likitokea kosa, hata moja, ufunguo unahamia kwa binti.

"Hata moja," binti alirudia, kidole juu. Babu akacheka kicheko cha mtu ambaye hajawahi kugonga kuku.

Abiria walikuwa sita. Binti alikaa mbele ili amchunge baba yake. Katikati alikaa mumewe, fundi wa kompyuta, mpole, ambaye alikuwa amejifunza kusimamisha hema kwa kutazama video na kwa hiyo alijiona mzoefu. Nyuma yake walikaa wajukuu watatu: msichana mkubwa aliyeziba masikio kwa vipokea sauti vyake vidogo, na mapacha wa miaka minane ambao hakuna aliyewahi kuwaziba chochote. Siti ya mwisho kabisa, nyuma ya mlima wa magodoro na mahema, alikaa Bibi. Babu alikuwa amemweka siti ya nyuma tangu walipooana, kwa maelezo kwamba anayemsemesha dereva anaua watu. Bibi alikuwa na mengi ya kusema.

Na kabla ya kuondoka popote, Babu alihesabu vichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote: jicho kwenye kioo cha ndani, kichwa kimoja, viwili, vitatu, hesabu ikitimia, gia ya kwanza. Sura hakuziangalia. Kwenye basi la watu sitini, ukianza kutazama sura hutafika.

Siku ya kwanza ilipita salama, ukiondoa hema la mkwe. Lilisimama kwa muda wa kutosha kupigwa picha moja, kisha likamlalia yeye mwenyewe ndani, na mapacha wakakataa kumtoa mpaka awaahidi soda. Babu aliegemea kibasi chake akapiga mluzi. Kosa lilikuwa limetokea, lakini halikuwa lake.

Siku ya pili wakafika maporomoko. Maji yalianguka kutoka juu sana, kwa kishindo cha kufanya watu wazungumze kwa vidole. Babu alitazama saa.

"Dakika ishirini!" akapaza sauti. "Honi ya kwanza jiandaeni, honi ya pili naondoka."

"Baba, tuko likizo," alisema binti.

"Likizo nayo ina ratiba."

Walikula mayai ya kuchemsha na mkate, mapacha wakalowa mpaka kwenye soksi, kisha honi zikalia, ya kwanza na ya pili. Watu wakajikokota kuingia garini, wamechoka na kushiba. Hapo ndipo mama mmoja mhifadhi, mwenye koti la kijani na kitambaa kichwani, alipomsogelea mkwe na kuomba lifti mpaka geti la mbele. Mkwe, ambaye hajui kusema hapana hata kwa mbuzi, akamfungulia mlango wa nyuma.

"Pita tu, ukae na mama huko."

Mhifadhi akapita nyuma ya magodoro. Hakuona mama yeyote, ila mkoba. Akadhani huyo mama anakuja, akakaa, na kwa kuwa alikuwa amekesha zamu, usingizi ukamchukua hapo hapo.

Babu akatazama kioo. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano, na kule mwisho kitambaa kikiyumba taratibu: sita. Gia ya kwanza.

Kilomita kumi na nane ziliteleza bila neno. Binti alikoroma, maana alikuwa ameamka alfajiri kufungasha. Mkwe alisoma karatasi ya maelekezo ya hema, safari hii kwa unyenyekevu. Babu alifurahi. Hata Bibi leo hanung'uniki, aliwaza, umri umeanza kumtia adabu.

Getini akasimama. Mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka mama wa koti la kijani akijinyoosha.

"Ahsante sana, baba. Mungu akuongoze."

Babu alimtazama. Akatazama siti ya nyuma. Akamtazama tena, kana kwamba Bibi angeweza kuwa ndani ya lile koti.

"Mke wangu yuko wapi?"

Mkwe alishika simu na kupiga namba ya Bibi. Mkoba wa siti ya nyuma ukaanza kuimba.

"Babu kampoteza Bibi!" pacha wa kwanza alitangaza.

"Tukimkosa," aliuliza wa pili, "tutapata mwingine?"

Binti alikuwa ameamka sasa. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema tu, "Baba. Kosa moja."

"Najua," alisema Babu, akageuza gari.

Kijasho chembamba kilimtoka njia nzima. Si kwa ajili ya ufunguo. Ufunguo aliusahau kabla ya kumaliza kukata kona. Alimfikiria Bibi juu ya mawe yale yanayoteleza, na magoti yake, na jinsi alivyofurahi kwamba yuko kimya. Alikuwa amefurahia kimya cha mtu ambaye hayupo. Babu aliogopa, waziwazi, kama mtoto aliyepotea sokoni, ingawa aliyepotea hakuwa yeye. Hata hivyo hakuongeza mwendo zaidi ya ule wa kibao. Mazoea yana taabu.

Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe pana, viatu pembeni, miguu majini. Wageni fulani walikuwa wamempa chai kwenye kikombe cha bati. Babu alimwendea mbio, au kwa kile ambacho magoti yake yaliita mbio.

Bibi alitazama saa ya mkononi.

"Umechelewa," alisema. "Dakika arobaini na saba."

Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

Binti akafika akihema. "Mama! Baba amekuacha!"

"Nani kakwambia? Mimi ndiye niliyemwambia atangulie, kisha anirudie. Nilitaka kukaa na maji peke yangu."

"Na simu umeiacha garini?"

"Nimekwambia peke yangu. Na simu tena?"

Binti alimgeukia baba yake, macho yamekazwa kama mtu anayetafuta jino lililooza. Babu alitazama maji.

"Kwa hiyo hakuna kosa," binti alisema polepole.

"Kosa gani?" Bibi akanyoosha mkono. "Nipe kiatu hicho."

Asubuhi iliyofuata, wengine wakikunja mahema, Babu alimkuta Bibi akichochea moto wa chai. Alikaa karibu yake. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa umemkaa vibaya kama kiatu cha kuazima.

"Mbona umenifichia?"

"Sikukufichia. Nilikataa tu unyang'anywe ufunguo mbele ya wajukuu." Bibi alipuliza moto. "Miaka yote hii nasafiri na wewe, na ninachokijua ni kisogo chako. Jana nilipotoka kule nyuma ya mawe nikaona vumbi, nikasema, haya, leo hata kisogo kimeondoka."

Alilisema kwa utani, na wote wawili walicheka. Lakini Babu aliacha kucheka kabla yake.

"Nilikuhesabu," alisema.

"Najua ulinihesabu. Hukunitazama."

Babu alikaa na kikombe chake mpaka chai ikapoa. Kisha akainuka, akamwendea binti yake aliyekuwa akifunga buti la gari, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Gia ya pili ni ngumu kidogo. Usiilazimishe."

Binti alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. "Baba, mbona hukukosea? Mama amesema..."

"Mama yako anasema mengi. Endesha."

Akapanda nyuma, akasukuma magodoro, akakaa ubavuni mwa Bibi. Siti ilikuwa nyembamba. Alikuwa ameinunua mwenyewe, na hakuwahi kujua jinsi inavyochoma kiuno.

"Pole," alimwambia.

"Utazoea," alisema Bibi. "Utafika mahali huhisi kitu."

Binti akawasha gari, akaangalia kioo. "Baba, hesabu! Tumo wote?"

Babu alijiweka sawa. Safari hii alitazama sura moja moja: mkwe na karatasi yake, msichana mkubwa, pacha wa kwanza, pacha wa pili mwenye maziwa mdomoni, na Bibi. Watano. Moyo ukampiga paa. Dereva hahesabiwi, dereva ni binti, abiria ni sita, ndivyo ilivyokuwa tangu nyumbani. Akahesabu tena, kwa kidole. Watano. Akachungulia hata chini ya siti.

"Simama!" alipiga kelele. "Mmoja hayupo!"

Bibi alimshika mkono, akakigeuza kile kidole mpaka kikamwelekea yeye mwenyewe kifuani. Wala hakuuachia ule mkono.

Babu alikitazama kidole chake.

"Sita," alisema. "Twende."