Bei ya Ng'ombe Watano

Cansilde alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama sawasawa. Dereva akashtuka. "Bibi mukecuru, utaanguka, halafu watanikamata mimi!"

Hakumsikia. Macho yake yalikuwa yamekwishatangulia ufukweni Rubona, kule wanakoanika dagaa wa sambaza, na yaliona jambo ambalo hayakuliona kwa miaka miwili: turubai la bluu limekunjwa pembeni, na boti iko majini.

Ilikuwa imeoshwa. Mbavu zake za rangi ya udongo mwekundu ziling'aa, mabenchi yamepakwa vanishi, na hata ule ufa wa mbele, uliozibwa zamani kwa kiraka cheupe chenye umbo la jani la muhogo, ulikuwa umesuguliwa mpaka ukaonekana kama pambo. Siméon, fundi wa moteri, alikuwa ameinama nyuma yake, mikono myeusi hadi kwenye viwiko.

"Mama Akaliza," akasema bila kuinuka, "nimebadilisha buji zote za kuwashia moto. Ikikataa leo, si mimi, ni shetani."

Moyo wa Cansilde ulikuwa ukimdunda kama wa msichana anayesubiri washenga. Na alikuwa na sababu. Mume wake, marehemu Rutayisire, alikuwa mtu wa ng'ombe, mwana wa watu wa ng'ombe. Waliporudi Rwanda kutoka Karagwe walikuja wakiwaswaga, na baada ya miaka walikuwa nao watano. Siku moja, bila kumwuliza mtu, Rutayisire akawauza wote watano, akarudi nyumbani akinuka esansi ya moteri, akasema, "Nimenunua boti." Ukoo mzima ulicheka mpaka ukakohoa. Watu ambao bibi zao hawakuonja hata samaki!

Cansilde hakupiga kelele. Alisubiri. Boti ilisomesha watoto, ikajenga nyumba ya Rugerero, yote hayo ni kweli na hakuyakana. Lakini kila alfajiri aliamka akasikia jogoo, akasikia pikipiki, akasikia redio ya jirani, lakini sauti ya ng'ombe hakuisikia. Hilo ndilo alilolisubiri, karibu miaka ishirini, na sasa mwenye boti ni yeye, na mnunuzi amepatikana.

Zizi alikuwa ameshalijenga. Hakungoja auze kwanza. Nguzo za mkaratusi, mabati mapya, sakafu ya mawe yenye mteremko ili mkojo uende zake, hori la mbao alilolipiga randa mwenyewe ili lisimchubue mnyama shingo. Nyuma ya nyumba, matete ya malisho aliyoyapanda tangu masika yalikuwa yamemfika kifuani. Jirani yake Joanita alisimama barabarani akaangalia, akauliza, "Zizi la nani hilo, mama? La ng'ombe wa hewa?" Mtaa mzima wa Rugerero ulikuwa ukingoja jibu.

Akaliza, binti yake mwenye saluni mjini, alimpokea ufukweni na kumvuta kando. "Mama, bei niachie mimi. Nimeuliza watu, najua pa kuanzia. Wewe kaa, tabasamu, useme 'karibu'. Basi."

"Nimesikia."

"Mama."

"Nimesikia, mwanangu. Karibu. Basi."

Hamdani, yule mnunuzi, alifika, kofia yake nyeupe ya kufuma imekaa upande. Baba yake aliuza vitenge pale mjini, na babu yake pia. Yeye alitaka kupeleka wageni kwenye maji ya moto ya Nyamyumba. Alimsalimu Cansilde kwa mikono miwili, kisha akaizunguka boti, maji yakimfika magotini, akiguna.

"Eh! Hii nayo ni muzee. Angalia hii kiraka. Mi naona kama nanunua mugonjwa wa hospitali."

"Karibu," akasema Cansilde, akitabasamu.

"Na hii moteri? Bon, labda inafaa kupikia chai."

"Karibu sana." Akaliza akambinya kidole kumpongeza.

Sasa, pale Rubona boti haiuzwi ikiwa kavu, wala muuzaji habaki ufukweni wakati wa kuijaribu. Hupanda pamoja na mnunuzi, ili moteri ikifia katikati ya ziwa wapige kasia wote wawili, na aibu igawanywe. Akaliza akasema angepanda yeye, mama anaogopa maji.

"Boti ni ya nani?" akauliza Hamdani.

"Ya Mama."

"Donc, Mama anapanda."

Katika miaka yote hiyo Cansilde hakuwahi kukaa ndani yake. Alikuwa ameapa kimoyomoyo. Akavua viatu, akavishika mkononi, akapandisha kitenge, na Siméon na Akaliza wakamwinua kama gunia la viazi la thamani. Akakaa benchi la katikati, akaling'ang'ania, nao wote na Hamdani wakapanda. Siméon akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena; moteri ikakohoa, ikatema moshi wa bluu, ikanyamaza. Wanawake wa sambaza wakaacha kuanika. Cansilde akafumba macho, akaliona zizi lake, safi, tupu.

Mara ya tatu ikanguruma, na haikunyamaza tena.

Lo! Boti iliinua pua kama fahali aliyenusa mvua, ikachapa maji, na ufukwe ukakimbia nyuma. Upepo ukamvua Cansilde kitambaa cha kichwa, Akaliza akakidaka hewani. Wavuvi waliokuwa wakirudi na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu wakapunga mikono, naye akawapungia kwa mkono wenye viatu. Matone yalimpiga usoni, baridi, matamu. Alisikia mtu anacheka kwa sauti kubwa, akageuka kumtazama ni nani, kumbe ni yeye.

"Inayumba," akasema Hamdani.

Hapo tabasamu likaisha. Kwa watu wa Cansilde, mtu hamkejeli ng'ombe mbele ya mwenyewe. Ni kama kumtukana mama mkwe. Na ingawa boti hii hakuipenda hata siku moja, alishangaa kuona damu inampanda kwa ajili yake.

"Inayumba? Unayeyumba ni wewe, umeweka tumbo lote upande mmoja! Hamdani, mwaka ule mlima ulipotema moto na ardhi ikawa inatetemeka, hii ndiyo iliyohamisha watu, safari juu ya safari, na moteri haikupumzika. Mawimbi ya Agosti yameipiga, imekwenda. Wewe ungeweza?"

"Mama," akanong'ona Akaliza. "Karibu. Karibu tu."

"Bon, bon," akasema Hamdani akicheka. "Tuseme inaenda. Bei ngapi?"

Akaliza akafungua kinywa. Mama yake akamtangulia.

"Ng'ombe watano."

Hata Siméon aligeuka.

"Ng'ombe?"

"Watano. Waliingia watano, watatoka watano."

Hamdani akaangalia maji, akaiweka sawa kofia yake, akanyoosha mkono haraka. "Nimekubali!"

Cansilde akaupiga mkono ule kwa kiganja, pa! Kisha akapiga vigelegele vilivyofika hadi kwa wavuvi. Watano! Rangi zao zilikuwa zimeanza kumpita machoni, mmoja baada ya mwingine, wakiingia zizini.

Akaliza tu ndiye hakufurahi. Alimsogelea mama yake mpaka sikioni.

"Mama, umewahi kuona mtu anakubali bei ya kwanza? Hata ya kitunguu, hata soko la Mahoko?"

Cansilde akamtazama Hamdani; alikuwa akitabasamu peke yake.

"Shemeji yake anafuga huko Nyakiriba. Anao vile vidogo vya kienyeji, vinavyotoa maziwa ya kikombe. Vitano kama vile haviwezi kununua hata moteri peke yake. Hukusema ng'ombe gani."

Cansilde akakitazama kiganja chake. Mkono ameshautoa. Na neno la ng'ombe, kwao, halirudishwi. Boti ikageuka kurudi. Aliangalia povu nyuma ya boti, akawaza taratibu, kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka.

Hamdani alirukia majini kabla ya nanga. "Wamama!" akawaita wanawake wa sambaza. "Muone boti yangu! Nimenunua! Ng'ombe tano tu!"

"Vizuri," akasema Cansilde akishuka polepole. "Vizuri kwamba wamama wamesikia. Sogeeni, niwatajie hao watano."

"Kutaja nini?"

"Ng'ombe wangu. Si nilisema walioingia ndio watakaotoka? Wa kwanza ni Bihogo, mwekundu wa kuiva. Alitoka Karagwe kwa miguu yake. Pembe zake, mtoto angeweza kubembea katikati. Wa pili ni Gaju. Maziwa yake yalijaza ndoo asubuhi, na jioni yakaijaza tena, na alikuwa na ndama jike."

"Ndama? Nani alisema ndama?"

"Alimfuata mama yake sokoni. Ungemwacha analia?"

Wanawake wakaanza kucheka. Cansilde hakucheka.

"Bugondo, wa madoadoa. Siku anauzwa alikuwa na mimba ya miezi saba, tumbo limeshuka hivi."

"We Mama! Iyo moja ni mbili!"

"Hata mimi nilimwambia marehemu hivyohivyo. Halafu Sine." Hapa sauti yake ilipungua kidogo. "Nilipojifungua huyu Akaliza, baba yangu alinipa ng'ombe, kama inavyotakiwa. Sine alikuwa binti wa ng'ombe huyo. Sijui wewe utampata wapi, lakini tafuta. Wa tano sasa..."

"Basi, Mama, basi! Usifike kwa ya tano!"

"Hamdani!" akapiga kelele mwanamke mmoja mwenye beseni. "Ulirukia mbio kama kuku kwa muchele!"

Hamdani akavua kofia, akajipangusa. "Sikia, Mama. Ulisema ng'ombe. Mi naleta ng'ombe. Iko na miguu ine, iko na mukia. Unataka nini tena?"

"Sijarudisha neno langu hata nusu. Kama unao walio kama hao, boti ni yako leo hii. Kama hunao, basi tulisalimiana tu. Siméon, turubai liko wapi?"

Akafunga kitambaa chake kichwani na kuanza kupanda ukingo. Hatua zilikuwa nzito. Huko juu kulikuwa na barabara, na barabara inafika Rugerero, na Rugerero kulikuwa na hori lisilo na mdomo wa kula ndani yake. Nyuma yake hakuna aliyeita.

"Umempoteza, Mama," akasema Akaliza.

"Tembea polepole. Anafanya nini?"

"Anaangalia boti."

"Ameweka mkono?"

"Ameweka."

"Juu ya moteri au ubavuni?"

Akaliza akaiba jicho. "Ubavuni. Anaipapasa."

"Ahaa." Cansilde akahisi furaha inampanda tena kutoka kwenye nyayo. Mtu anayechungulia meno ya ng'ombe bado ananunua. Anayempapasa ubavu ameshanunua, hajajiambia tu. "Basi polepole zaidi."

"Mama!" Sauti ya Hamdani. "Mbili! Kubwa, za maziwa!"

"Wanne," akajibu Cansilde bila kugeuka.

"We Mama unaniua! Tatu! Tatu kubwa, na moja iko na mimba!"

Akaliza akamshika mkono kwa nguvu. "Mama, watatu wa namna hiyo ni zaidi ya bei niliyotaka kutaja. Kweli. Chukua."

Cansilde akasimama. Akaitazama boti mara moja, vizuri, kuanzia pua hadi moteri, kama mtu anayetazama mkwe aliyemkosea adabu kwa miaka mingi na kumbe alikuwa mchapakazi. Iende. Itakimbia mbele ya macho ya watu badala ya kuota kuvu chini ya turubai. Akateremka ukingo karibu mbio, Akaliza akimfuata akisema, "Taratibu, taratibu!"

"Nachagua mwenyewe," akasema.

"Chagua."

"Leo."

"Leo? Bon, leo. Nampigia shemeji."

Wakapigana kiganja, na wanawake wa sambaza wakapiga vigelegele, maana sasa hata wao walikuwa ndani ya biashara hii. Hamdani akaketi kwenye ukingo wa boti yake, simu sikioni, akawa anamwuliza shemeji na kurudisha majibu.

"Anasema iko na moja, nyeusi na nyeupe, imezaa mara mbili, maziwa mengi sana."

"Pembe?"

Hamdani akauliza, akasikiliza, akakohoa. "Walizikata, Mama."

"Hiyo hapana," akasema Cansilde, akajisogeza karibu naye, macho yakiwaka. "Inayofuata."